Tangazo la Wanaokwenda Kusini

3 Februari

Mke mwenzangu Kinanda,

Huku hatujambo, ila mume wetu anasema ana mafua. Mafua yenyewe yanamjia nikimwambia anishikie kitambaa cha godoro nikate. Wenzake wakimwita kwenye karata, yanapona kabla hajavaa viatu. Paka amezaa ndani ya gunia la pamba safi, watoto watano, na mimi sina moyo wa kumtoa, kwa hiyo kazi imesimama. Jirani yetu mshona viatu amevimba jino, shavu moja kama puto, anasalimia watu kwa upande uliobaki.

Baba yako ameniletea habari kwamba umepata kazi ya kutangaza treni hapo stesheni ya makutano, miezi mitatu ya majaribio. Nimefurahi mpaka nimejichoma sindano. Nimewaambia wateja wote, hata wasiouliza. Mimi ndiye niliyekuita Kinanda, una wiki moja tu duniani, maana baba yako alinisimulia kwamba ukilia watu wanasimama dirishani kusikiliza.

Lakini baba yako amesema na la pili: kwamba abiria wanapotea kila siku na mkuu wa stesheni amekununia. Hilo mbona hukuniandikia? Barua yako imejaa hali ya hewa. Mimi nilikuuliza hali ya hewa? Niandikie hilo tangazo lako neno kwa neno, kama unavyolisema. Usilipambe. Darasa langu la tatu linatosha kulisoma.

Ni mimi bibi yako, fundi wa magodoro.


12 Februari

Bibi, shikamoo. Na Babu mpe shikamoo yake, na pole ya mafua.

Mimi mzima. Chumba nilichopewa kinatazama reli. Treni ya alfajiri ikipita, kikombe kinatembea mezani chenyewe. Jumapili nilikwenda nyumbani. Baba anakusalimu. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anakataa kucheka mbele ya wageni. Mama naye anakusalimu. Alikuwa anapiga pasi, akasema "mwambie namsalimu," akaendelea na kola.

Ni kweli, Bibi. Treni ya kusini imeandikwa kwenye ubao kwamba inaondokea jukwaa la nne. Lakini siku nyingi treni ya mizigo inakuwa imelala pale, basi treni ya abiria inahamishiwa jukwaa la kwanza, na kufika huko lazima upande ngazi za daraja na kushuka upande wa pili. Mimi natangaza dakika ishirini kabla. Nasoma karatasi niliyokabidhiwa, ya zamani, imetiwa plastiki. Inasema hivi:

"Ndugu abiria wapendwa, uongozi wa stesheni unapenda kuchukua fursa hii kuwakaribisha, na kuwatangazia kwamba treni ya abiria iendayo kusini, ambayo kwa kawaida huondokea jukwaa namba nne, kutokana na sababu za kiufundi zilizo nje ya uwezo wetu, leo itaondokea jukwaa namba moja. Uongozi unawashukuru kwa uvumilivu wenu."

Nasoma vizuri, Bibi. Mkuu mwenyewe amesifu matamshi yangu. Lakini treni ikishaondoka, jukwaa la nne wamebaki watu kumi, kumi na tano, na mizigo yao, wanatazamana. Jana mama mmoja alikuja dirishani kwangu kuniuliza treni ya kusini inafika saa ngapi, na yenyewe ndiyo hiyo inapiga honi ikitokomea.

Majaribio yanaisha tarehe thelathini Aprili. Mkuu amesema watu wakiendelea kupotea atatafuta sauti nyingine. Naitaka kazi hii. Nikikaa mbele ya kile kipaza sauti najiona nimefika mahali pangu. Nifanye nini?

Mjukuu wako, Kinanda.


20 Februari

Kinanda,

Hatujambo. Paka bado yumo guniani mwangu kama malkia. Jino la jirani limeng'olewa, analitembeza kwenye kikaratasi kuonyesha watu. Mume wetu anakusalimu, anauliza kama treni unazozitangaza unapanda bure.

Nimesoma tangazo lako. Nilidhani ni barua ya kuomba kazi. Nikamsomea mume wetu kwa sauti, kisha nikamuuliza: "Haya, sasa unakwenda jukwaa gani?" Akasema, "La nne." "Kwa nini la nne?" "Si ndiyo namba niliyoisikia?"

Umeona? Mtu mwenye mzigo anashika namba ya kwanza kumfikia, anafunga masikio, anaanza kukimbia. Wewe unamtajia nne, halafu unaanza kumsimulia ufundi na uvumilivu, na hiyo moja unakuja kuitaja yeye ameshafika nne na ameshatua furushi. Uongozi unapenda kuchukua fursa! Uichukue uende nayo wapi?

Sasa nikuulize. Ukifungua mdomo pale, unasema na nani? Mimi nakuambia: unasema na mkuu wa stesheni. Unataka asikie matamshi. Mkuu wa stesheni hasafiri, mtoto wewe! Yuko ofisini anakunywa chai. Unayesema naye ni mwanamke aliyesimama jukwaa la nne, furushi kichwani, begi mkononi, kamba ya begi inamkata vidole. Hajawahi kusafiri peke yake. Kuuliza anaona haya, maana kila aliye karibu naye anatembea kama anayejua anakokwenda. Basi anakwenda kukaa kwenye lile benchi la saruji linalotazama ukuta wa tangi la maji, anasema moyoni, ikija nitaiona. Ataionaje, na benchi limeipa mgongo reli?

Huyo ndiye wa kusema naye. Mwite kwanza, ajue ni yeye. Halafu mwambie aende wapi. Halafu mwambie tena. Nne usiitaje kabisa, ni kama haijazaliwa.

Mimi akija mzee mwenye mgongo, simwambii pamba imechambuliwa mara ngapi. Namwambia, "Lala hapa. Geuka." Wakija maharusi nawaambia halipigi kelele, wanaangaliana, wanacheka, wanalibeba. Akija mama wa bweni la shule, huyo namwambia kitambaa kinavulika na kinafulika. Godoro ni lile lile, mke mwenzangu. Ningewaambia wote maneno ya mzee, maharusi wangekimbia.

Bibi yako.


4 Machi

Bibi, shikamoo.

Sote wazima. Meno ya mdogo wangu yameanza kuchungulia. Mama anakusalimu.

Kabla sijaendelea, na usinigombeze: barua yako ya kwanza ilikuwa na paka, mafua, jino la jirani, na jambo lenyewe lilikuja karibu na mwisho. Je, wewe hukuchukua fursa?

Juzi mkuu alikuwa kikaoni. Nikaiweka ile karatasi pembeni, nikasema: "Mnaokwenda kusini! Mnaokwenda kusini, jukwaa la kwanza. Pandeni ngazi, shukeni upande wa pili. Jukwaa la kwanza." Bibi, niliona kwa macho yangu. Jukwaa la nne liliinuka lote kama mtu mmoja. Hakubaki hata mfuko.

Lakini mkuu aliporudi alikuwa ameshaambiwa. Akaniita. Kumbe karatasi ile aliiandika yeye mwenyewe, enzi hizo karani kijana, na ndiyo iliyomfanya aonekane kwa wakubwa. Akaniambia, "Ulilosema wewe si tangazo. Ni kufukuza kuku." Nimerudishiwa karatasi. Jana wamepotea kumi na mmoja.

Nina swali lingine. Habari za benchi la saruji linalotazama tangi la maji umezipata wapi? Mimi sijakuandikia. Na sisi sote tunajua kwamba hujawahi kukanyaga stesheni hii, na nyumbani kwetu hujafika hata siku moja.

Kinanda.


28 Machi

Kinanda,

Usishangae kuchelewa, tulikuwa na kazi. Paka ametoka guniani, pamba nimeiosha mara tatu. Mume wetu mzima.

Uliniuliza kama na mimi nilichukua fursa. Barua mtu anaisoma amekaa, miguu ameinyoosha. Nisipomwambia paka na jino, atajuaje kwamba nimemkumbuka? Aliyekaa na aliyesimama na mzigo hawasemeshwi namna moja. Nilidhani hilo ndilo nililokufundisha.

Kuhusu huyo mkuu wako: umemkosea wewe. Ulimletea maneno ya abiria, na yeye si abiria, yeye ni baba wa ile karatasi. Usimwambie mtoto wake ni mbaya. Mwambie hivi: "Mkuu, shukrani zako ni nzuri mno, lakini watu wanazisikia wakikimbia, zinapotea njiani. Tuwaelekeze kwanza, na wakishakaa ndani ya mabehewa ndipo tuwashukuru, wazisikie zote." Kisha nyamaza. Umwachie nafasi aseme kwamba ni wazo lake.

Habari za mabenchi mimi sizijui. Hali ya hewa ni nzuri.

Bibi.


5 Aprili

Bibi, shikamoo.

Nilisema kama ulivyonielekeza, nikanyamaza. Mkuu alitembea chumbani mara mbili, akasema, "Unajua nilichokuwa nafikiria siku hizi?" Na akanieleza wazo lako lote, kwa sauti nzito, huku mimi naitikia kwa kichwa. Karatasi mpya ameiandika kwa mkono wake. Shukrani zimekuwa ndefu zaidi ya mwanzo, lakini abiria wanazisikia wameketi, na mzee mmoja juzi alipiga makofi. Kwa siku tano amepotea mtu mmoja tu, naye alikuwa amelala.

Zimebaki siku ishirini na tano. Naomba ziende hivi hivi.

Hali ya hewa na huku ni nzuri. Bibi, benchi.

Kinanda.


14 Aprili

Mjukuu wangu,

Mume wetu mzima. Nimemtuma mbali ili niandike.

Kaa chini. Mwaka ule baba yako anaoa, nilikuwa na magodoro arobaini ya bweni, na mama wa bweni hakubali kungoja hata siku. Wote walitangulia, mimi nikasema nitafuata asubuhi ya harusi yenyewe. Nikafuata. Nimevaa gauni la kijani nililojishonea, na kichwani nimejitwisha godoro la maharusi, la watu wawili, pamba tupu, nimelikunja na kulifunga kamba. Ukiwa na kitu kama kile kichwani shingo haigeuki. Unaona mbele tu.

Nikashuka hapo kwenye makutano. Sauti ikasema maneno yako hayo hayo, fursa na uvumilivu. Nikashika nne. Nikakaa kwenye lile benchi, naangalia tangi. Niliposikia honi ng'ambo ya pili nilijua. Treni nyingine ya kusini ilikuwa kesho yake. Nikarudi nyumbani na ya mchana, na godoro langu kichwani.

Waliporudi harusini wakanikuta nashona. Wakaniuliza, mbona hukuja? Ningewaambia nini? Mimi ninayewagombeza wote, mimi ambaye nyumba nzima inaniuliza njia, niseme nilikaa stesheni kama mzigo uliosahauliwa? Nikasema, "Sikuja kwa sababu sikutaka." Neno likatoka. Likafika kusini bila kupotea jukwaa. Mama yako akaelewa kwamba nimemkataa, na mimi nikaona afadhali nionekane mbaya kuliko mjinga. Godoro nililitoa wiki ile ile, sikutaka kulitazama.

Sina neno na mama yako. Sikuwa nalo hata siku ile. Kila mwaka nilisema nitakwenda nimweleze, na kila mwaka lilizidi kuwa zito.

Mwambie wewe, kwa maneno yako mazuri. Wewe ndiye mwenye kazi hiyo sasa.

Bibi yako.


22 Aprili

Bibi yangu, shikamoo.

Nilianza kucheka kwenye godoro, nikaishia kulia kwenye benchi. Nilikwenda kulikalia. Kweli huoni kitu.

Nikwambie jambo usilolijua. Sebuleni kwetu kuna picha ya harusi. Babu amekaa, na pembeni yake kuna kiti kitupu. Tulipokuwa wadogo tulimuuliza Mama kiti kile ni cha nani, akatujibu, "Cha mtu aliyekuwa na shughuli." Hajawahi kusema zaidi ya hapo, wala hajaiondoa picha.

Sitamwambia mimi. Nikimwambia mimi atasikia sauti yangu tu, ataona mtoto anawatafutia watu wazima amani, atasema "haya," na kuendelea na pasi yake. Uliniuliza ninasema na nani. Sasa nakuuliza wewe, Bibi: habari hii ni ya nani, na anatakiwa aisikie kwa mdomo wa nani?

Andika. Nitamfikishia mkononi bila kuifungua.

Kinanda.


25 Aprili

Wewe mtoto una mdomo. Sijui umeutoa wapi.

Nimechana kurasa nne. Ya kwanza nilianza na mafua ya mume wetu, nikafika chini bado napiga chafya. Ya pili nilijitetea kwa magodoro arobaini. Ya tatu ilikuwa nzuri sana, ndiyo maana nikaichana. Hii hapa ya tano. Nimeiacha wazi, isome, uniambie kama atanielewa. Halafu mpe.

"Mkwe wangu,
Nilipotea. Sikukukataa. Siku ya harusi yako nilikaa jukwaa la nne na treni ikaondokea la kwanza, nikarudi nyumbani, nikaona haya kusema. Haya ilikuwa yangu, nikakubebesha wewe miaka ishirini na nne. Nisamehe.
Salamu nitakupa ukinijibu.
Mama mkwe wako."


4 Mei

Bibi, shikamoo mara nyingi!

Nianze na lipi? Na Mama.

Nilimpa Jumapili, akiwa kwenye pasi kama kawaida. Akasoma amesimama. Akasoma tena. Kisha akaniuliza taratibu, "Jukwaa la nne, lile lenye benchi linalotazama ukuta?" Nikamwambia lile lile. Bibi, Mama akacheka. Sisi hatujawahi kusikia kicheko kile. Mama huwa anacheka kwa kuziba mdomo, tunajua ndivyo alivyo. Kumbe sivyo alivyo! Alicheka akashika meza, mdogo wangu akakimbia kumwita Baba, na Baba alifika akakuta shati lake jeupe linafuka moshi chini ya pasi.

Alipotulia akasema, "Miaka yote hii nilijua ni kicheko changu. Siku nilipoletwa kwao nilicheka kwa nguvu, yeye akanitazama. Nikasema, basi hakukipenda." Akafuta macho kwa lile shati lililoungua.

Anasema nikuambie hivi, na nisibadilishe neno: "Mwambie mama aje. Mimi mwenyewe nitamngojea hapo hapo kwenye makutano, asije akanipotelea tena."

Na la pili: tarehe thelathini mkuu aliniita, akanipa barua ya ajira. Imeandikwa "Mtangazaji." Wiki tatu hajapotea mtu. Amesema ni kwa sababu ya karatasi yake mpya, na mimi nikamwambia ndiyo, Mkuu.

Njoo Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Nitakuwa kwenye kipaza sauti.

Mtangazaji wako.


25 Mei

Mke mwenzangu Kinanda,

Nimefika salama. Mume wetu alikula vibaya wiki nzima, na amekonda makusudi ili nimuonee huruma. Paka amechagua gunia lingine, tumbo kubwa tena. Jirani ametiwa jino jipya, sasa anacheka hata msibani.

Nimekaa chini nikuandikie kuhusu Jumamosi ile, maana ulikuwa na hasira na hukunipa nafasi ya kusema.

Nilishuka. Mama yako alikuwa amesimama chini ya ngazi, mtu mzima na mvi zake, kanga yake ameishika kwa mikono miwili kama mwali. Nikamwambia, "Mkwe wangu, kwa nini umekonda hivyo?" Ndiyo niliyoweza. Maneno yote niliyoyapanga njiani yaliyeyuka. Yeye akacheka, kile kicheko. Stesheni nzima iligeuka. Kicheko kizuri kile, kina kifua. Na siku ile alipoletwa nilimtazama kwa sababu nilikipenda, na sikumwambia, maana nilidhani mama mkwe hatakiwi kusema hivyo siku ya kwanza. Hilo nimemwambia sasa. Ndipo akalia kidogo, na mimi nikamwambia aache, watu wanaangalia, na mimi nikalia zaidi yake.

Basi tukatafuta pa kukaa, na palipokuwa wazi ni lile benchi la jukwaa la nne.

Halafu nikakusikia. "Mnaokwenda kusini!" Nikamshika mkono mama mmoja kando yangu, simjui, nikamwambia, "Unamsikia huyo? Mjukuu wangu." Akasema, "Nimemsikia, ndiyo maana nakimbia," akachukua furushi lake. Watu wote waliinuka. Nimeona wazee, nimeona wenye watoto mgongoni, nimeona mwanamke mmoja na mzigo mkubwa kichwani, shingo haigeuki, naye akapanda ngazi bila kumuuliza mtu. Niligeuza shingo nikamtazama mpaka akashuka upande wa pili.

Ukatangaza mara ya pili. Ukatangaza mara ya tatu, na safari hiyo ukaacha karatasi ya mkuu wako ukasema, "Bibi! Mama! Jukwaa la kwanza, tafadhali!" na watu wa ng'ambo wakacheka.

Nasikia mkuu ameandika kwenye daftari lake kwamba siku hiyo walipotea abiria wawili, wanawake, na kwamba umelia chooni ukidhani tangazo lako limeharibika. Mwambie afute. Tangazo lako halina kasoro, mtoto mzuri. Tulikusikia mara zote tatu, na tulielewa tangu ya kwanza. Ya tatu ilipokwisha nilifanya kuinuka, mama yako akanivuta gauni akasema, "Acha iende, mama." Tukaiacha.

Ni mimi bibi yako.